Nafasi Aliyoninyima Mwalimu Wangu

Nilipopangiwa kufundisha Rugu nilikuwa na shahada ya ualimu wa hisabati na fizikia, begi moja la nguo, na imani kwamba nisichokijua katika masomo yangu hayo mawili kilikuwa kidogo. Nimezaliwa Kamuli, upande wa Kyerwa, kwenye kibanja cha migomba na kahawa kama vibanja vingine vyote vya pale. Nyumbani nilikuwa wa kwanza kufika chuo kikuu. Siku ya kuondoka, mama yangu alinisindikiza kituoni na mkungu wa ndizi kichwani, kana kwamba Karagwe watu wanakula mawe.

Nilikutana na Mwalimu muhula wa kwanza. Nilikuwa nimewachorea kidato cha nne atomu ubaoni: kiini katikati, na elektroni zikikizunguka kama sayari zinavyolizunguka jua. Kengele ilipolia, wanafunzi wakatoka mbio, nami nikabaki nakusanya madaftari. Mzee mmoja alikuwa amesimama dirishani. Alivaa koti la suti juu, na chini mabuti ya shambani. Kumbe alikuja kumwomba mkuu wa shule viti kwa ajili ya shughuli ya usharika.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba, binti. Samahani, mwalimu, nina swali. Hizo elektroni ulizochora, nani aliziona zikizunguka?"

Nikacheka. Nikamwambia ndivyo kitabu cha kiada kinavyoonyesha.

"Kitabu kinawadanganya watoto," akasema kwa upole. "Na wewe kilikudanganya. Hata mimi nilidanganywa hivyo hivyo. Nilipojua ukweli nilikasirika wiki nzima."

Kisha akaeleza yeye ni nani. Alikuwa mwalimu mstaafu, amefundisha hisabati za kidato cha tano na sita katika shule nyingi za mkoa huu. Ujanani alipelekwa ng'ambo kusomea udaktari wa hisabati. Hakuumaliza. Baba yake alifariki, yeye akiwa mtoto wa kiume pekee, na ukoo ukamwita arudi kushika kibanja. Akarudi. Alilieleza jambo hilo kwa sentensi mbili fupi, kama mtu anayepita haraka mbele ya nyumba ya mtu anayemdai.

"Jumamosi njoo nyumbani," akasema. "Nitakuonyesha elektroni inakaa wapi hasa."

Nilikwenda kwa udadisi tu. Nyumba yake ilikuwa mwendo mfupi kutoka shuleni, katikati ya migomba, na kwenye ukuta wa ghala la kahawa alikuwa amepigilia kipande cha ubao wa zamani ambacho shule ilikuwa inataka kukitupa. Mkewe, niliyemwita Mama tangu siku hiyo, alinipokea kwa kikombe cha kahawa na ndizi za kuchoma. Mwalimu akashika chaki na kuchora mshale mmoja.

"Hii ndiyo hali ya elektroni," akasema. "Usiniulize iko wapi. Usiniulize inakwenda kwa kasi gani. Hali yake ni mshale huu, na urefu wake ni moja, basi."

Akanieleza kwamba mshale ule haukai katika chumba chenye urefu, upana na kimo kama vyumba vyetu. Unakaa katika nafasi yenye mielekeo isiyo na mwisho, na kila mwelekeo umekutana na mwingine kwa pembe mraba. Nafasi hizo huitwa nafasi za Hilbert. Ukiiuliza elektroni swali, kwa mfano nishati yake ni kiasi gani, majibu yanayowezekana yana mielekeo yake. Mshale huangusha kivuli juu ya kila mwelekeo, na ukipiga kivuli hicho kipeo cha pili unapata uwezekano wa jibu hilo kutokea.

"Na hakuna matundu," akasema. "Hilo ndilo linalonifurahisha mpaka leo. Mishale ikizidi kukaribiana, ikikaribiana bila mwisho, lazima kuwe na mshale pale inapoelekea. Haiishii shimoni."

Nilikuwa nimepita haya mambo chuoni. Niliyakariri, nikafaulu mtihani, nikayasahau. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba kuna kitu cha kufurahia humo. Jioni ile nilirudi nikiwa na chaki mpaka kwenye nywele, na Jumamosi iliyofuata nikarudi tena.

Ikawa desturi. Nilikuwa nafua asubuhi, nasahihisha kazi za wanafunzi, na mchana naenda kwa Mwalimu. Alinifundisha kwa subira. Nilipokwama kuelewa kwa nini kupima mahali kisha mwendo si sawa na kupima mwendo kisha mahali, alimwita Mama na kumuuliza kama kuikaanga kahawa kisha kuisaga ni sawa na kuisaga kisha kuikaanga.

"Umekuwa mgonjwa?" Mama akamuuliza, akarudi jikoni. Tulicheka sana.

Alikuwa akiniita mwana wange, mwanangu kwa Kinyambo, ingawa mimi kwetu Kamuli nilikulia Kirundi cha bibi. Mimi sikuwa na baba. Baba alifariki nikiwa darasa la pili. Sitaki kulikuza jambo hili, lakini siwezi kueleza yaliyofuata bila kulisema. Jumamosi nyingine nilipoondoka Mwalimu alikuwa akisimama barabarani akinipungia mkono wa kwaheri mpaka nipotee kwenye kona, nami nilikuwa nikijiambia kwamba hivi ndivyo wenye baba wanavyojisikia.

Katika mwaka wa pili nikafanya jambo langu. Mwalimu alikuwa na hoja aliyokuwa akiirudia tangu enzi za ng'ambo, kuhusu chembe iliyofungiwa kati ya kuta mbili. Kila kitu unachoweza kukipima katika mambo haya kina opereta yake, yaani kanuni inayochukua mshale na kutoa mshale mwingine. Na kila opereta ina mwenza wake. Ili majibu ya kipimo yawe namba halisi na mielekeo yake itoshe, opereta lazima iwe sawasawa na mwenza wake. Mwalimu alikuwa akisema opereta ya mwendo wa chembe ile ni sawa na mwenza wake, na hesabu yake ya mistari mitatu ilionyesha hivyo.

Mimi niliichukua nyumbani hesabu hiyo nikakaa nayo siku kadhaa, na kitu kikawa kinanikera. Kanuni zilifanana, kweli. Lakini opereta si kanuni peke yake, ni kanuni pamoja na orodha ya mishale inayoruhusiwa kuingia. Opereta ya Mwalimu ilikuwa inaruhusu ile tu inayozimika, yaani kuwa sifuri, kwenye kuta zote mbili. Mwenza wake alikuwa anaruhusu mingine mingi zaidi. Kanuni ileile, milango tofauti. Kwa hiyo havikuwa kitu kimoja. Ili vilingane, ilibidi ukuta wa kushoto na wa kulia viunganishwe kwa sharti maalumu, na masharti hayo yalikuwa mengi, kila utakalochagua linakupa fizikia nyingine.

Nilimwandikia yote ubaoni. Alisimama, mikono nyuma. Akasoma kutoka juu, akarudia kutoka juu. Nilianza kuogopa kwamba nimemkosea heshima. Kisha akacheka kicheko kirefu cha mtu aliyeonyeshwa kitu chake kilichopotea ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Mama!" akaita. "Njoo uone mtoto huyu amefanya nini!"

Mama akatoka na mikono imejaa utomvu wa ndizi, akautazama ubao.

"Nimeona," akasema, akarudi kumenya.

Mwalimu akatoa simu yake akaupiga ubao picha. Akasema ana rafiki yake wa siku nyingi, profesa chuo kikuu Dar es Salaam, walisoma pamoja. Alitaka auone. "Ajue kwamba huku Rugu tunaishi," akasema. Alikuwa na fahari kana kwamba ni yeye aliyenizaa.

Sikuiulizia tena picha ile. Ilinitosha kwamba aliipiga.

Ila wiki chache baadaye nilimwona amepungua. Alikuwa anaanza jambo haliishi. Mara moja aliniuliza, akiwa amenipa mgongo, anafuta ubao ambao ulikuwa tayari msafi: "Hivi Rugu umeizoea?"

"Nimeizoea, Mwalimu. Lakini nikipata pa kusoma shahada ya pili, nitaenda. Tatizo hakuna anayenijua huko."

Akaendelea kufuta. "Nafasi hizo ni ngumu siku hizi," akasema. "Wanachukua watoto wao. Wewe jiimarishe hapa kwanza."

Nilimshukuru kwa ushauri. Nakumbuka vizuri kwamba nilimshukuru. Na nakumbuka kwamba siku ile Mama, aliyekuwa akitandaza ndizi mbivu juani, alinyanyua kichwa akamtazama mumewe, kisha akaingia ndani. Aliporudi alinifungia senene wa kukaanga katika mfuko, wengi kuliko kawaida, akanisukumia mkononi.

Mwaka ukapita hivyo.

Kisha ikatangazwa semina ya walimu wa hisabati pale Kayanga, mjini kwetu Karagwe, nami nikawa miongoni mwa walioteuliwa. Mwezeshaji mmojawapo alikuwa profesa kutoka Dar es Salaam, mzee mfupi mwenye sauti ya kwaya. Nilipomsikia akitaja kwamba ana rafiki wa zamani huku Rugu, moyo ukaruka. Wakati wa chai nikamfuata, kikombe mkononi.

"Shikamoo Profesa. Mimi ni yule mwalimu wa Rugu, wa opereta na milango yake. Mwalimu alikutumia picha."

Alinitazama kama aliyeona mtu aliyekwisha kuzikwa.

"Wewe? Lakini wewe si umeolewa Uganda?"

"Mimi?"

"Niliambiwa umeolewa Uganda, umeacha kazi, na hisabati umeacha." Akaweka kikombe chake mezani. "Binti, nilipoiona ile kazi nilimpigia simu Mwalimu wako siku ya pili yake. Tulikuwa na nafasi ya msaidizi, unasoma huku unafundisha mwaka wa kwanza, ada inalipwa. Nilikuwa natafuta mtu wa namna yako. Akaniambia nisihangaike, umekwishaondoka."

Watu walikuwa wanapita na maandazi. Mtu mmoja akaniomba nisogee afikie sukari, nikasogea.

"Huenda hatukuelewana," Profesa akasema polepole. "Simu zenu huku mtandao ni shida."

Alikuwa ananionea huruma, na alikuwa anamsitiri rafiki yake. Nikamwambia ndiyo, huenda ni mtandao. Sikubaki kusikiliza kipindi cha mchana. Nilitoka nje nikapanda bodaboda mpaka Rugu, na njia nzima nilikuwa nikitafuta namna ambayo jambo lile lingekuwa si kweli. Labda alinichanganya na mwingine. Lakini mwingine yupi? Nani mwingine Rugu nzima alikuwa anaandika opereta kwenye ukuta wa ghala?

Nilimkuta anageuza kahawa kwenye turubai kwa reki.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwana wange. Mbona leo? Leo si Jumamosi."

"Nimetoka Kayanga. Nimeonana na rafiki yako Profesa."

Akaiegemeza reki ukutani, taratibu sana. Hakuuliza Profesa alikuwa na habari gani.

"Amekuambia," akasema.

"Ameniambia nimeolewa Uganda. Nimekuja unionyeshe mume wangu."

"Kaa kwanza."

"Sikai."

Alikaa yeye. Akatazama mikono yake, kisha kahawa, kisha ubao uliokuwa nyuma yangu.

"Alipopiga, kazi yako ilikuwa bado iko hapo ukutani," akasema. "Sikuwa nimeifuta. Akaniuliza, huyu binti atakubali kuja? Nikajua atakubali. Nikajua utaondoka na mimi nitabaki hapa naongea na ukuta, kama nilivyoongea nao tangu nimerudi nchi hii. Uongo ulitoka kabla sijaufikiri. Nilipokata simu nilitetemeka."

"Na baada ya kutetemeka?"

Aliokota punje ya kahawa chini, akairudisha kwenye turubai.

"Nilikuja Jumamosi iliyofuata, Mwalimu. Na iliyofuata. Nikakuambia hakuna anayenijua huko. Ukaniambia wanachukua watoto wao."

"Nilisema hivyo."

"Nikakushukuru."

"Ulinishukuru," akasema.

Mama alikuwa ametoka, amesimama mlangoni na kitenge chake amekishika kifuani. "Mimi nilimwambia akuambie," akasema. "Mungu ni shahidi, nilimwambia."

"Na ulipoona haniambii, Mama?"

"Ni mume wangu," akasema.

Nilitaka kusema maneno makubwa. Njiani nilikuwa nimeyapanga. Nilitaka kumwambia kwamba yeye, wa watu wote, yeye aliyeitwa kutoka ng'ambo ili aje ashike jembe, alijua mtu anavyojisikia mlango ukifungwa, na bado akaufunga. Nilichosema ni: "Ungeniomba nibaki, Mwalimu, pengine ningebaki."

Hilo lilikuwa kweli, na nadhani ndilo lililomuumiza. Alifunika uso kwa viganja. Nikaondoka bila kuaga, jambo ambalo kwetu halifanywi hata kwa adui.

Kesho yake alimpigia rafiki yake akakiri. Nililijua hilo kwa sababu Profesa alinipigia kunipa pole na kuniambia nafasi ile ilikwishapata mtu, na yeye mwenyewe anakaribia kustaafu. Baada ya siku chache Mwalimu akaja shuleni. Safari hii alikuwa amevaa suti nzima na viatu. Alikaa katika ofisi ya walimu tangu asubuhi, na nilipoingia akasimama, mzee wa umri ule, mbele ya walimu wenzangu wote.

"Nimekuja kukuomba radhi," akasema.

Wenzangu wakainamia madaftari yao. Nilichukua boksi langu la chaki.

"Nina kipindi, Mwalimu," nikasema.

Nilipotoka darasani alikuwa ameondoka. Baadaye mchungaji alinijia, kisha mkuu wa shule, kila mmoja na hekima yake kuhusu kusamehe. Niliwasikiliza. Hawakuelewa kilichokuwa kinanila. Kama Mwalimu angekuwa ananichukia, ningelia siku mbili nikanyamaza. Alinipenda. Alinifundisha kwa moyo wote kila Jumamosi ya mwaka ule, akijua. Kila niliporudi nyuma kukumbuka siku fulani, tulipocheka, tulipopata jibu, nilijiuliza kama ilikuwa kabla ya simu ile au baada yake, na ilinibidi nipige mahesabu kabla ya kujiruhusu kuikumbuka vizuri. Hata hisabati zenyewe niliziacha kwa miezi. Nilikuwa nikiandika alama ya mshale ubaoni nasikia sauti yake.

Aliyenirudisha ni mama yangu, bila kujua. Nilikwenda Kamuli likizo, akaniona nimekaa tu, akaniuliza ninaumwa nini. Nikamsimulia. Alikuwa anapalilia, hakuinua mgongo.

"Kwa hiyo yule wa chuo alikutaka," akasema.

"Alinitaka."

"Basi unajua unatakwa. Mwaka juzi ulikuwa hujui."

Niliomba mwenyewe, kwa jina langu, bila mtu wa kunisemea. Mara ya kwanza nilikataliwa. Mara ya pili nikakubaliwa, nikapata ruhusa ya masomo, nikaenda Dar es Salaam nikiwa na umri wa kuwa dada mkubwa wa wenzangu wote darasani. Siku mhadhiri alipofika kwenye opereta na wenza wao, akauliza nani anaweza kusema kwa nini kanuni peke yake haitoshi, mkono wangu uliinuka kabla sijauamuru. Nilieleza kuta mbili, milango na masharti. Akauliza nimefundishwa na nani.

"Mstaafu mmoja wa kwetu, Rugu," nikasema. Ilikuwa kweli, na iliniuma.

Desemba iliyofuata nilialikwa harusi ya mwalimu mwenzangu pale Rugu. Baada ya ibada, watu wakiwa wanasogea kwenye maturubai, nikamwona Mwalimu anakuja kwangu. Alikuwa amekonda, na fimbo sasa. Nikampa shikamoo, akaitikia. Akauliza hali ya Dar es Salaam, joto lake, nyumba. Nikamjibu vizuri. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti, na macho yake yakawa yale ya ghalani.

"Mmefika wapi?" akauliza. "Kwenye masomo. Mmefika wapi?"

Tulikuwa tumefika mbali. Wiki ile ile nilikuwa nimesoma jambo ambalo najua angelisikiliza amesimama mpaka giza liingie, akisahau chakula na harusi. Nilikuwa nalo lote kichwani, na yeye alikuwa anangoja, ameinamisha sikio kidogo kama wazee wanavyofanya.

"Tunaendelea vizuri, Mwalimu," nikasema.

Akangoja tena. Kwaya ilikuwa inapita kati yetu na wapishi. Alipoona siongezi kitu, akatikisa kichwa, akasema vizuri, vizuri sana, Mungu akusaidie. Akageuka akaenda kutafuta mahali pa kukaa. Mama alikuwa amemwekea kiti upande wa wazee, na nilimwona akimuuliza kitu, naye akijibu kwa neno moja.

Sikujisikia kuwa nimeshinda. Nilikuwa nimemnyima kitu ambacho hakuna mtu mwingine wilayani angeweza kumpa, na nilijua uzito wake kwa sababu nilikuwa nimenyimwa. Lakini hata sasa, ninapoandika haya, nikijiuliza kama likizo ijayo nitapita kwake, sijui. Siku nyingine najibu ndiyo, naanza hata kupanga nitamweleza nini kwanza. Kisha namwona amenipa mgongo, anafuta ubao uliokuwa tayari msafi, na ile "ndiyo" yangu inapotea.